Somo la 23: Amri ya Saba. Gehazi na Fedha ya Mgeni

Juma lililopita tuliwafundisha juu ya mwizi aingiaye nyumbani mwa jirani usiku, na juu ya mchuuzi mwenye mizani ya uongo. Baada ya Misa ya Jumapili wengi walitujia na maswali, na swali moja lilirudi mara nyingi. Walisema: Mwalimu, mkubwa wa nchi atiaye sahihi mkataba na mgeni tajiri, kisha akapewa kitu chake pembeni, je, huyo naye ameiba? Hakuvunja mlango. Hakumpiga mtu. Aliyempa alimpa kwa hiari. Basi ameiba nini, na amemwibia nani?

Swali hilo ni zuri, na leo tutalijibu. Lakini kwanza sikilizeni habari iliyomo katika Kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Wakristu wengi wanaijua nusu yake ya kwanza tu. Wanajua kwamba Naamani, jemadari wa Siria, alikuwa na ukoma, akaja kwa nabii Elisha, akajichovya mara saba katika mto Yordani, akapona. Naamani alikuwa mgeni mwenye mali nyingi. Alikuja na fedha, na dhahabu, na mavazi ya thamani, akamsihi nabii apokee zawadi. Elisha akakataa. Hakuchukua hata senti moja, kwa maana neema ya Mungu haiuzwi. Jemadari akaondoka kwa amani. Hapo ndipo wengi hufunga kitabu.

Nusu ya pili ndiyo yetu leo. Nabii alikuwa na mtumishi, jina lake Gehazi. Gehazi aliona mali ile yarudi Siria, akaumia moyoni. Akalikimbilia gari la mgeni. Naamani akashuka kwa heshima, akauliza kama kuna salama. Gehazi akajibu kwamba kuna salama, ila bwana wake amemtuma, kwa sababu vijana wawili maskini, wanafunzi wa manabii, wamefika sasa hivi kutoka milima ya Efraimu. Basi aomba kwa ajili yao talanta moja ya fedha na mavazi mawili. Naamani akafurahi, akampa talanta mbili badala ya moja, na watumishi wawili wa kumchukulia mzigo. Walipofika penye kilima, Gehazi akautwaa mzigo, akauficha nyumbani, akawaaga wachukuzi. Kisha akaingia, akasimama mbele ya bwana wake kana kwamba hakuna jambo. Elisha akamwuliza ametoka wapi. Akajibu kwamba hakwenda popote.

Tazameni vizuri, ndugu. Wale vijana wawili wa Efraimu hawakuwapo. Lakini bila wao Gehazi asingepata kitu. Kama angesema, Bwana Naamani, nipe fedha, nataka kununua shamba la mizabibu, mgeni angemwona mwombaji tu. Alipotaja maskini, mfuko ulifunguka mara mbili. Basi Gehazi hakumwibia Naamani peke yake. Aliliiba jina la bwana wake, akaliiba na jina la maskini, na kwa majina hayo mawili akajitajirisha.

Sasa tuje kwetu Kolwezi.

Ninyi nyote mwayajua mabaki ya mchanga uliosagwa, yaliyo Kingamyambo na katika bonde la mto Musonoi. Kwa macho ni tope na vumbi. Watoto wetu wakirudi kutoka huko, mama zao huwagombeza kwa sababu ya nguo. Mabaki hayo yalitupwa tangu siku za Union Minière, mawe yalipokuwa yanasagwa na kuchambuliwa, tena baada ya mwaka 1967, mali ya Union Minière ilipotwaliwa na Serikali na baadaye kuitwa Gécamines. Wazee wetu ndio waliochimba mawe hayo, na baadhi yao wamezikwa hapa. Wataalamu walipoyapima mabaki, walikuta zaidi ya tani milioni 100, na katika kila tani 100 mna karibu tani moja na nusu ya shaba, pamoja na kobalti. Basi tope lile ni ghala.

Kampuni moja ya Kanada, First Quantum, ilikuwa na mkataba wa kuyasafisha. Washirika wake walikuwa Gécamines na Serikali yetu, tena shirika moja la Afrika Kusini, na tawi moja la Benki ya Dunia, ambayo ni mhisani anayejulikana. Kazi ya ujenzi ilikwisha anza. Mwezi wa nane mwaka 2009 Serikali ikaufuta mkataba huo, ikisema kwamba kampuni haikutimiza masharti. Mwanzoni mwa mwaka 2010 mabaki yakapewa kampuni nyingine, iitwayo Highwind, ambayo watu wa hapa hawakupata kuisikia. Haikuwa na mtambo wala karakana. Iliandikishwa katika visiwa vya Virgin vya Uingereza, mahali ambapo majina ya wenye mali hayatangazwi, nayo ilikuwa mkononi mwa Bwana Dan Gertler, mfanyabiashara wa Israeli, rafiki wa Rais Joseph Kabila. Katika mkataba huo mpya yaliandikwa malipo ya dola milioni 60 kwa upande wa nchi. Mwezi wa nane mwaka ule ule 2010, kampuni ya ENRC, ambayo hisa zake ziliuzwa katika soko la London, ikanunua kutoka kwa Bwana Gertler nusu na zaidi kidogo ya kampuni iliyoyashika mabaki hayo pamoja na mali nyingine, kwa dola milioni 175. Mwishoni mwa mwaka 2012 ikainunua nusu iliyobaki kwa dola milioni 550. Na kabla ya hapo, mwezi wa kwanza mwaka 2012, ENRC ilikubali kuilipa First Quantum dola milioni 1,250, kumaliza ugomvi wa mabaki haya na wa machimbo mengine mawili.

Tope lilikuwa lile lile. Halikusogea hata hatua moja. Fedha ilipita juu yake kama mawingu yapitavyo juu ya shamba kavu.

Mwaka 2013 baraza la watu wenye heshima, ambalo mkuu wake alikuwa Bwana Kofi Annan, lilichunguza mauzo matano ya namna hiyo yaliyofanyika katika nchi yetu tangu mwaka 2010 hata 2012. Likaona kwamba mali iliuzwa kwa bei iliyo chini sana ya thamani yake, na kwamba nchi ilipoteza zaidi ya dola milioni 1,360. Hesabu hiyo ilikuwa karibu mara mbili ya fedha zote ambazo Serikali ilipanga kutumia kwa hospitali na kwa shule katika mwaka mmoja. Bwana Gertler amekana siku zote kutenda kosa, na haki yatutaka tuseme hivyo. Hata hivyo mwezi wa kumi na mbili mwaka 2017 Serikali ya Marekani ilimfungia njia za fedha kwa sababu ya biashara zake katika Kongo.

Na je, wakubwa wetu walipewa kitu? Mwaka 2016 kampuni moja ya fedha ya Marekani, Och-Ziff, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 400 kwa sababu ya rushwa katika nchi za Afrika, na Kongo ilikuwa mojawapo. Katika karatasi za kesi hiyo wakubwa wa Kongo hawakutajwa kwa majina. Waliandikwa kwa namba: mkubwa wa 1, mkubwa wa 2. Kisha mwaka 2022 kampuni ya Glencore, ambayo mashimo yake tunayaona kutoka hapa Musonoi, ilikiri kwamba watu wake walitoa rushwa katika nchi kadhaa na katika Kongo pia, na mwezi wa kumi na mbili mwaka ule ikapatana na Serikali yetu kulipa dola milioni 180. Aliyetoa amekiri. Yule aliyepokea bado asema kama Gehazi, kwamba hakwenda popote.

Msidhani kwamba wageni ndio malaika katika habari hii. Naamani alitoa kwa shukrani, tena alidanganywa. Lakini mgeni atoaye fedha akijua kwamba anaununua moyo wa mkubwa, ili apate cha watu wengi kwa bei ndogo, huyo si Naamani. Naye ameivunja amri ya saba. Wahenga husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika mambo haya mwenyeji aliyepona ni mmoja, na wenyeji wengine wangali wagonjwa.

Wahisani nao tuwataje kidogo. Fuko la Fedha la Kimataifa lilikuwa likiikopesha Serikali yetu tangu mwaka 2009. Mwaka 2011 Gécamines iliuza hisa zake katika kampuni iitwayo COMIDE. Wakopeshaji wakaomba mauzo hayo yatangazwe waziwazi, ijulikane nani amenunua na kwa bei gani. Hawakuridhika na jibu, na mwishoni mwa mwaka 2012 wakasimamisha mkopo. Wakopeshaji hao wana faida yao, twajua, wala mkopo wao si sadaka. Lakini angalieni ni nani aliyeumia. Wachache waliuficha mzigo nyuma ya kilima, na fedha iliyokosekana ilikosekana kwa wote.

Jina la vijana wa Efraimu nalo halikukosa. Mwezi wa nne mwaka 2008 Serikali ilitia sahihi mkataba mkubwa na makampuni ya China, ambao kwa huo ilizaliwa kampuni ya Sicomines, hapa Kolwezi. Wachina wakapata sehemu 68 katika 100, na Gécamines 32. Watu waliambiwa kwamba badala ya shaba zitajengwa barabara, hospitali na mashule, na hesabu iliyotajwa ilikuwa dola milioni 6,000. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hata 3,000. Mwezi wa pili mwaka 2023 wakaguzi wa fedha wa Serikali yenyewe walitangaza kwamba kazi zilizokwisha kufanyika zilikuwa na thamani ya dola milioni 822 tu. Mwaka 2024 mkataba ukatengenezwa upya, ukaahidi hata dola milioni 7,000. Barabara kadhaa zimejengwa kweli, nasi tumezipita. Lakini miaka kumi na mitano si muda mfupi kwa mgonjwa aliyeahidiwa hospitali.

Sasa tujifunze kwa maswali na majibu, kama desturi yetu. Baba wa nyumba asome swali, na watoto wajibu.

Swali: Shaba iliyo chini ya ardhi ni ya nani?
Jibu: Ni ya Mungu aliyeiumba kwa faida ya wanadamu wote, na sheria imeiweka mikononi mwa Serikali iitunze kwa niaba ya watu.

Swali: Basi waziri atiaye sahihi, au gavana, au mkuu wa shirika la nchi, ni mwenye mali?
Jibu: Sivyo. Ni mtumishi aliyetumwa, kama Gehazi alivyokuwa mtumishi wa Elisha.

Swali: Akipewa zawadi kwa sahihi yake, zawadi hiyo ni ya nani?
Jibu: Ni ya wale waliomtuma. Akijiwekea, ameiba.

Swali: Na akiiungama dhambi hiyo, yatosha?
Jibu: Haitoshi kama anaweza kurudisha wala hataki. Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliahidi mbele ya Bwana Yesu kuwarudishia mara nne wote aliowadhulumu.

Tena yafaa mjue kilicho haki yenu, kwa maana asiyejua kiasi cha mali yake hajui kama ameibiwa. Sheria ya Madini iliyobadilishwa mwezi wa tatu mwaka 2018 yasema hivi: katika kila faranga 100 za mrabaha ambazo mgodi hulipa, 50 ni za Serikali kuu, 25 za jimbo, 15 za mji au sekta au usultani ambamo mgodi umo, na 10 huwekwa kwa ajili ya watakaozaliwa baadaye. Tena kila kampuni ichimbayo lazima itoe kwa maendeleo ya vijiji vinavyoizunguka si chini ya dola 3 katika kila dola 1,000 za mauzo yake ya mwaka. Mikataba ya madini nayo yapaswa kutangazwa. Agizo hilo ni la mwaka 2011. Kuwauliza viongozi fedha hizo zimefanya nini si uasi. Samweli mwenyewe, alipozeeka, alisimama mbele ya Waisraeli wote akawauliza ni ng'ombe wa nani aliyemtwaa, na ni rushwa ya nani iliyompofusha macho.

Mtasema, Mwalimu, hayo ni mambo ya Kinshasa na London; sisi wa vijijini tuna nini? Sisi tuliowaza hivyo tulianguka, nasi twaona vema kuwaambia.

Miaka kadhaa iliyopita alitujia mjumbe wa mkubwa mmoja. Watu wa kijiji chetu walikuwa wametakiwa kuacha mashamba yao ili yachimbwe. Mjumbe alikuja na lori, na ndani ya lori mabati 30. Wakati ule paa la kanisa letu dogo lilikuwa la nyasi, na masika mbili tulikuwa tumesali chini ya mwavuli. Akasema, haya ni ya nyumba ya Mungu. Kisha akatoa karatasi ya kurasa tisa, ya Kifaransa, akatuomba jambo dogo tu: baada ya sala, Mwalimu awaambie watu kwamba karatasi ni njema, na kwamba atiaye sahihi upesi atalipwa upesi. Sisi na wazee wawili wa baraza tuliisoma kurasa mbili. Siku ya Jumapili tukasimama tukasema, karatasi ni njema. Watu wakatia sahihi, kwa kuwa ni Mwalimu aliyesema.

Hatukujitilia mfukoni hata faranga. Hiyo ndiyo iliyotudanganya muda mrefu.

Kulikuwa na mama mmoja mjane. Shambani mwake palikuwa na mihogo, na miembe minne iliyopandwa na marehemu mumewe. Katika hesabu shamba lake liliandikwa kuwa halina mti. Alilipwa mihogo tu. Hakutukana mtu. Kila Jumapili alikuja, akaketi chini ya mabati yale.

Tulipokwenda kuungama, tulianza kumweleza Padri habari ya mabati, idadi yake, na jinsi kanisa lilivyokuwa likivuja. Akatukatiza. Akauliza, miembe ilikuwa mingapi? Tukasema, minne. Akauliza, umri wake? Hatukujua. Akasema, nendeni mkamwulize mwenyewe.

Tukaenda jioni ile. Mama alitupa viti, akatuletea maji. Tulipokwisha kumwomba msamaha, alinyamaza kitambo, kisha akasema, Mwalimu, msamaha nimekupa, lakini karatasi ile ulisema ni njema. Nisomee basi, yote, kwa lugha yangu. Tukaisoma, ukurasa kwa ukurasa. Ilituchukua siku mbili, na jirani wakaja wakajaa uani. Katika ukurasa wa sita tulikuta imeandikwa kwamba miti ya matunda hulipwa peke yake, kwa yule aombaye na kuonyesha mahali ilipokuwa. Nao mlango huo ulikuwa wazi wakati wote tulipokuwa tukiwahimiza watu watie sahihi upesi.

Barua iliandikwa, na watu 11 wakaweka vidole. Mama yule aliwaonyesha visiki vyake vinne, ambavyo matrekta yalikuwa hayajavifikia. Jibu la barua halijaja bado, na tumeiandika mara ya pili. Wakati huu sisi na wale wazee wawili twamlipa kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili, bei ya maembe ambayo angeuza sokoni. Yeye ndiye ataja bei, na hatumpunguzii.

Mabati yangali juu ya kanisa. Baraza liliulizana kama tuyashushe. Mama ndiye aliyesema yaachwe, watoto wasinyeshewe.

Kazi ya juma hili: kila jumuiya isome pamoja sura ile ya 5, tangu mwanzo hata mwisho. Na aliye na karatasi nyumbani iliyotiwa sahihi bila kusomwa, ailete Jumapili baada ya Misa. Tutaketi mezani penye kivuli, na vijana wawili wanaojua Kifaransa vizuri watakuwapo. Juma lijalo, siku hii na saa hii, tutaanza amri ya nane, habari ya uongo na ushahidi.

Tumsifu Yesu Kristu.